Mchanga wa Bubu

Katekista Chidumizi aliandika ubaoni
kwa chaki iliyobaki urefu wa kucha:
Mungu kweli. Mtu kweli.
Mtoto mmoja wa darasa la kipaimara,
yule wa Mama Nhonya, mkali wa hesabu,
akanyoosha mkono: Nusu kwa nusu?
Hapana.
Mia kwa mia, na mia kwa mia.
Jumla mia mbili, akasema mtoto,
na mtu mmoja hawezi kuwa mia mbili.
Wenzake wakacheka. Katekista akafuta ubao
kwa mkono wa shati,
akasema tutaendelea Jumamosi.

Mimi nilikuwa nyuma, nimekalia dumu,
nimeingia tu kukwepa jua la Septemba.
Sikunyoosha mkono. Nina miaka hamsini na mbili;
askofu aliyeniwekea mikono
alishazikwa zamani.
Lakini nikishuka mtoni
nilibishana nao wote wawili njia nzima.

Mtoni, nasema. Mgeni mmoja kutoka mjini
aliwahi kuniuliza mto wenyewe uko wapi.
Ukingo hadi ukingo ni mchanga,
kwato za punda, mavi ya mbuzi,
kandambili moja isiyo na mwenzake.
Nikamwambia: umeukanyaga.
Unachimba kwa bakuli mpaka kiwiko, mpaka bega.
Mchanga unabadilika rangi, unakuwa mzito,
halafu unangoja, mkono umetulia,
na maji yanakuja yenyewe
polepole, kama mtu anayeamka.
Bubu yote ni mchanga. Bubu yote ni mto.
Sijawahi kuidai asilimia.

Ila mfano ni mfano,
ukiukamua sana unatoa tope.
Si huo ulioninyima usingizi.

Ni lile neno la msalabani: Naona kiu.
Yeye aliyemwambia mwanamke kisimani
nitakupa maji, hutaona kiu milele,
huyo huyo, ulimi umegandamana na kaakaa.
Wanaojua wanasema alitimiza maandiko.
Sawa, alitimiza.
Lakini mimi kiu naifahamu sura yake.

Ndugu yangu Ndahani alipokuwa akituaga
koo lilikuwa limefunga.
Mganga wa zahanati alisema, mloweshe midomo tu.
Nikachovya pamba. Akaing'ata kama ndama,
macho yote kwangu,
kwangu mimi, mchota maji wa nyumba nne,
madumu sita yamejaa, yamepangwa ukutani,
na sikuweza kumpa funda moja.

Usiku ule sikumwita Mwenye Enzi.
Mwenye Enzi, nilisema moyoni, midomo yake
haijapasuka hata siku moja.
Nilimwita yule wa sifongo na siki,
aliyeomba kinywaji kwa watu wanaomcheka.
Nikamwambia, hili unalijua.
Kisha nikakasirika, maana kulijua tu
hata jirani yangu analijua,
na jirani yangu hawezi kumfungua mtu koo.
Nilitaka mwenye kiu aliye pia na kisima.
Sikujua kwamba nilikuwa nimeandika
maneno manne ya katekista
gizani, bila chaki.

Ndahani alikufa kabla ya jogoo.
Sisemi nilijibiwa.
Pamba ilibaki kiganjani mwangu, mbichi,
na nilikumbuka, sijui kwa nini wakati ule,
jinsi askari walivyomkuta amekwisha kukauka,
mmoja akamchimba ubavuni kwa mkuki,
yakatoka maji.

Jumamosi nitamwomba Mama Nhonya mwanawe.
Nitampa bakuli, nimwoneshe pa kuchimba,
chini ya ukingo, pale nyuki wanapotua.
Akiniuliza hesabu nitamwambia sijui.
Asipoelewa, si neno.
Atakuwa amekunywa.