Somo la Tope, Ruai

Projekta iligoma saa tatu. Nikasema, haya, vueni viatu.
Walimu ishirini na mmoja, suruali zina mkunjo wa pasi,
wakanitazama kama mzazi aliyekataa kulipa karo.
Wa kwanza kuingia ni Mwalimu Nasimiyu:
tope likamfika magotini,
akacheka kama mtoto wa darasa la pili.

Hapa, nikawaambia, ndipo mto hupunguza mwendo.
Mafunjo hukamata mchanga, mizizi huchuja taka,
na udongo huu mweusi ni sifongo:
hunywa masika, hukamuliwa kiangazi.
Nikamimina maji ya mtaro katika chupa iliyokatwa shingo,
changarawe, mchanga, shada la mizizi.
Tukangoja.
Tone.
"Itakuja kwenye mtihani?" akauliza Lemashon.
Tone.

Mutheu, aliyekuwa kimya tangu chai,
akachota tope kiganjani, akanusa.
"Hii harufu ndiyo ya darasa langu Mukuru, kila Aprili.
Tunapanga madawati juu ya madawati,
watoto juu yake, wanakariri jedwali la saba wasiogope.
Miaka tisa nawaambia maji yametuvamia."

Hakuna aliyeandika.
Maji yalikuwa yanarudi kwao tu,
yakakuta kwao kumepigwa sakafu.

Kilichodondoka chini ya chupa hakikuwa safi sana,
rangi ya turungi iliyopoa.
Mutheu akakiinua kwenye jua, akakitazama,
kisha akaniomba chupa.
Viatu alivisahau.