Kuwahi si Kukimbia

Baba, umenikuta tena nyuma ya duka,
kompyuta juu ya droo ya mikanda ya saa,
ukauliza, kioo kikiwa bado jichoni:
"Huyo mgeni wako kafika saa ngapi?"

Mgeni wangu ni nyutrino.
Uzito wake haufiki wa kutajwa.
Hupita kuta za Mkomani bila hodi,
hunipita mimi, wewe, na punda kichochoroni,
huipita dunia nzima; ila mara mojamoja,
chini ya barafu ya kusini,
hujikwaa.
Cheche ya buluu. Nasi twaandika saa.

Swali ni lako, la tangu nikiwa mdogo:
kuna kiupitao mwanga mbio?

Mwaka mmoja walisema kipo.
Nanosekunde sitini mbele!
Ulimwengu ukashika kichwa; wewe hukuweka chini hata koleo.
"Watazame waya," ulisema.
Miezi ikapita. Kweli, waya ulikuwa umelegea.
"Kabla hujaulaumu wakati, kaza skrubu."

Kisha nikasoma habari za nyota iliyokufa kabla sijazaliwa:
tanzia ilitufikia saa kama tatu
kabla ya mwanga wake.
Nikadhani nimempata mshindi.
La. Mwanga ulikwama ndani ya maiti,
kama jeneza la Bi Mwanashee lilivyokwama pale konani,
wanaume wakilinyanyua, wakiliinamisha,
na kijukuu chake Twalibu akapenya miguuni mwao
akafika makaburini kwanza, mikono mitupu.
Twalibu hakumshinda mtu mbio.

Usiku huu nina mizani nyingine.
Hesabu yasema: aupitaye mwanga hutozwa njiani,
kila hatua humwaga nguvu, chembe jozi kwa jozi,
hata akifika, kafika fukara.
Basi nawapekua watokao mbali kabisa,
na huyu wa leo kaja mfuko umetuna.
Kwa hiyo hakuzidi. Au kama alizidi,
ni kwa kitu chembamba kuliko unywele
uliopasuliwa mpaka kisu kikachoka.

Ukacheka. "Au alikwepa ushuru,
kama wale wa magunia ya sukari, Kiunga."

Sikuwa na jibu la haraka.
Nikaandika pembeni: *kikomo tu, si ushahidi*.
Nawe ukairudia saa ya msikiti,
iwahiyo dakika nne kila siku,
skrubu zake zote zimekazwa.