Tobolwa Moja

Mfalme wetu ni mmoja na sisi tuko watano.
Wiki hii anaishi ndani ya simu ya Kalunde,
simu yenye ufa kwenye kioo, unaopita
katikati ya nchi yetu kama mto usiomo kwenye ramani.

Tunakutana nyuma ya duka la dawa, Isevya,
saa tatu usiku, Kalunde akishafunga mahesabu.
Mihayo anatoka stesheni na grisi ya mabehewa kwenye kucha,
Mwalimu Nkwabi ana chaki begani,
Hamdu ana mfuko wa karanga, kila siku karanga,
na mimi sina kitu ila bando la usiku.

Zamu ni moja kwa siku. Saa sita kamili
mlango unafungwa, na usipoamua
umeamua: askari wanalala, ngano inaoza.
Kwa hiyo tunapiga kura. Kuhusu ghala, kuhusu kodi,
kuhusu jina la daraja
(tulibishana siku tatu, likaitwa Daraja).

Usiku ule hoja ilikuwa Wabonde.
Jirani zetu wa kaskazini, tusiowajua sura;
labda wako Mtwara, labda Bukoba, labda ni mtoto mmoja
aliyejificha na simu ya baba yake chini ya shuka.
Zamu ya arobaini, tulipokuwa tunakula mbegu,
walitutumia ngano, magunia mia mbili,
na neno moja: Poleni.
Sasa ukuta wao wa mashariki umebomoka
na sisi tunauona.

Mwalimu akakokotoa, akasema hesabu haina shukrani.
Mihayo akasema wenzetu wa kusini nao wanauona.
Umeme ukakatika.
Tukatafuta kopo la maziwa ya unga:
karanga ni Twende, tobolwa ni Tusiende,
na kila mmoja akatia mkono gizani.

Tulipomimina juu ya gazeti, chini ya tochi,
zilikuwa karanga tatu na tobolwa moja.
Kura ya tano ilikuwa inatafunwa.
"Karanga," alisema Hamdu, mdomo umejaa. "Naapa ilikuwa karanga."
Tukaihesabu.

Hakuna aliyeuliza tobolwa ni la nani.
Kalunde alikuwa ameshaichukua simu.
Sheria tuliitunga wenyewe: mshika simu
hutenda lililotoka kwenye kopo.

Nilimtazama. Nilitaka aseme kitu,
atutajie yale magunia, asingizie chaji,
kidole kiteleze; vidole huteleza.
Chaji ilikuwa asilimia kumi na moja, akatuonyesha.
Akawapitisha wapanda farasi juu ya ufa wa kioo
polepole, kama anavyohesabu vidonge
vya mteja asiyempenda:
havipungui, havizidi.
Saa sita kasoro dakika nne, akabonyeza.

"Tayari," alisema.
Kisha akawaandikia Wabonde neno moja,
na hilo hatukulipigia kura:
Poleni.

Asubuhi tulikuwa na miji miwili zaidi.
Mwalimu alitununulia chai na vitumbua.
Mimi nilitia karanga. Naliandika hapa
kwa kuwa kopo halimtaji mtu.

Jumapili ndiyo siku ya kumbadilisha mshika simu.
Hamdu akapendekeza abaki Kalunde.
Nilidhani watacheka. Hawakucheka.
Mihayo alikuwa anakwangua grisi kwenye kucha
kama mtu anayejiuliza: siku kopo likinikataa,
kidole changu hiki
kitafika kwenye kile kitufe?

Tukapiga kura mchana, waziwazi, mikono juu.
Minne kwa mmoja.
Ule mmoja ulikuwa wake.
Akaufuta ufa kwa pindo la koti lake jeupe,
akamchomeka mfalme kwenye chaji,
akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri panadoli.