Ua la Chai

Nyeupe haipakwi. Huachwa.
Unazungusha kivuli pembeni, kijivu chenye tone la manjano,
na karatasi yenyewe inageuka petali.

Basi tangu saa mbili asubuhi, mezani kwetu Nyalukemba,
dirisha wazi upande wa ziwa,
ninaacha ua.

Kijiti nilikikata Kavumu, Jumapili,
katika shamba ambalo wenyewe walilikimbia wakati wa vita
na chai ikasahau kuwa kichaka.
Leo ni miti. Mbuzi hulala chini yake.
Nilikileta nyuma ya pikipiki, chupa kifuani,
maji yakinimwagikia shatini.
Petali mbili zilibaki Mudaka, kwenye matope.

Zimesalia sita. Katikati, nyuzi za manjano:
nimehesabu hadi tisini na moja,
inzi akatua, nikaanza upya.
Ukingo wa jani una meno ya msumeno mdogo.
Kitabuni huitwa kamelia.
Huko shambani lilikuwa kilo tu.

Mama anaingia na ungo wa maharagwe.
"Nini hiyo?"
"Chai."
Anacheka mpaka anaweka ungo chini.
"Chai haina ua, Nsimire."

Miaka ishirini na miwili alichuma,
majani mawili na tumba, majani mawili na tumba,
kikapu mgongoni, na kapita Birindwa
na daftari lake chini ya mwavuli.
Kila kilichotaka kuchanua
kilikutana kwanza na kucha zake.

Namsogezea chupa. Ananusa.
Ananusa tena, macho amefumba,
kama anayeambiwa: huyu ndiye yule mtoto wa jirani,
tazama alivyokua.

Kisha kidole chake, cheusi kwa utomvu
ambao sabuni haijauweza hadi leo,
kinagota karatasi.
"Hili la tatu limekomaa. Umelipaka changa.
Birindwa angekumwagia kikapu chote."

Nachovya brashi. Kijani cha chupa, kahawia kidogo.
Jani linazeeka mbele yake, anaridhika.
Nafika kwenye ua, mkono unasimama.

"Na hapa?"
"Hapa siweki kitu."
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo, mama."

Akavuta kiti, akaketi kutazama
mahali ambapo siweki kitu.
Jikoni maji yalichemka yakakauka,
sufuria ikaanza kunuka,
na hakuna aliyeinuka.