Upondo

Kituo cha mafuta cha baba kilikuwa upande huu wa barabara,
duka la magari la mjomba Verlin upande ule,
na katikati lami ya Kansas, makapi ya ngano, na mimi,
miaka kumi na sita, mwenye upondo mrefu
wa kubandulia na kubandikia nambari ubaoni.

Baba hakupanga bei. Simu ililia alfajiri,
akaandika nyuma ya bahasha, akanikabidhi.
Sikumjua aliye upande wa pili wa waya.
Nilijua tu kwamba kabla sijashusha upondo
pazia la ofisi ya mjomba limeshasogea.

Kiangazi kile galoni ilipofika dola nne
sandukuni tulikuwa na nne moja,
na ubao una nyuso mbili.
Ya pili baba aliichora kwa rangi ya uzio,
ikakaa imeinama
kama mtu anayetafuta funguo nyasini.

Ng'ambo, yale malori ya viti vya ngozi,
magurudumu yakinifika kifuani,
yakaanza kuoteana na majani.
Mjomba aliyaosha kila Jumatatu.
Nilimsikia akiyasemesha.

Akaja Harlan Koehn, mkulima,
ambaye kila mwaka wa tatu hununua lori jipya, liwe jua iwe mvua.
Akaliegemea jekundu. Akapiga teke gurudumu.
Bei yake ilikuwa kiooni, imekatwa mistari mitatu.
Hakuisoma.
Aligeuka akausoma ubao wangu,
midomo ikihesabu kimyakimya,
kisha akaondoka na kigari cha rangi ya bati,
magoti yakigusa usukani, kofia mapajani.
Mkewe Twila alicheka hata akashika ukuta.

Lakini siku ninayotaka kuisema ilitangulia hiyo.
Ilikuwa Mei. Mjomba alivuka barabara mbio, tai begani:
"Una bahasha mpya? Imepanda?
Ngoja kidogo basi. Nina mtu ndani, kalamu iko mkononi."

Nikainama. Nikafunga kamba za kiatu.
Nikazifungua, nikazifunga tena.
Kupitia kioo nilimwona Marisol Trejo, muuguzi,
maili arobaini kwenda hospitali, arobaini kurudi,
akitia sahihi ukurasa baada ya ukurasa
kwa lile jeusi, refu kama ghala.
Aliponyanyua kichwa, nami nikanyanyua upondo.

Mwezi mzima alikuja pampu namba mbili.
"Za dola kumi tu, mwanangu."
Nikamjazia za kumi. Sindano ya kipimo
haikujisumbua kuinuka.

Vuli, bei ikaporomoka kuliko ilivyopanda.
Nne zikarudi sandukuni, ya kuchora na ya dukani.
Harlan akarudi kulifuata lori jekundu,
kigari akakiacha kwa hasara, bila kukiaga.
Kumbukumbu ya watu, baba alisema,
ina ujazo wa tangi moja.

Sasa ubao ule unawaka wenyewe,
nambari hubadilika bila mkono wa mtu.
Juzi nimekwenda mjini kununua gari langu la kwanza jipya.
Muuzaji akaniuliza rangi. Akanisogezea kalamu.
Niliishika,
nikatazama kwanza nje ya dirisha
kama yupo mtu yeyote, popote barabarani,
anayefunga kamba za kiatu.