Anga Li Jeupe

Ofisi ya kuandikisha ilibanwa kati ya dobi na duka la matairi,
kwenye barabara kuu ya mji wetu, Nebraska.
Nilimuuliza Sajini Pruitt kabla sijavuta kiti:
"Watu wa Jeshi la Anga, nao hushika bunduki?"

Akacheka cheko la mtu aliyeulizwa hilo asubuhi ile ile.
"Binti, kule kuna wapishi, kuna mafundi wa vyoo,
kuna wa kuhesabu soksi ghalani,
yuko hata mpiga tarumbeta.
Bunduki utaishika siku moja, Texas.
Utalenga karatasi, utatia sahihi, utairudisha.
Labda uombe mwenyewe kulinda geti."

Sikumwambia kwa nini nauliza.
Sikumtaja Torrey, wala kabati la baba,
wala jinsi mama alivyosugua sakafu ile
hadi mbao zikawa na rangi ya mkate mbichi.
Nikatia sahihi. Kalamu, akasema, niende nayo.

Siku yenyewe ikafika. Jua la Texas halina adabu.
Nililala kifudifudi juu ya changarawe,
shavu kwenye plastiki inayonuka mafuta ya cherehani.
Mkufunzi akapita nyuma yangu: "Pumua, Kubicek."
Nikapumua. Nikavuta.
Karatasi haina mama.
Nilipata arobaini na moja kati ya hamsini,
kisha nikaenda nyuma ya hema nikatapika maharage.

Baada ya hapo wakanipa mawingu.
Miezi minane, Mississippi, nikijifunza kuyaita kwa majina:
yanayotambaa, yanayorundikana,
na yale membamba ya juu kabisa,
kama manyoya ya bata bibi akimaliza kunyonyoa.
Wenzangu wakatania: jeshi zima la anga,
na anga lenyewe analijua Renata peke yake!
Nikaandika nyumbani: Bibi Vlasta, wananilipa
kwa kazi uliyoifanya bure mlangoni,
kidole umekilowesha mate, umekiinua.

Halafu kituo kile, ambacho jina lake sikuruhusiwa kuliandika.
Saa tisa za usiku marubani walikaa mbele yangu, kalamu tayari.
Nikawasomea: mawingu machache, futi elfu ishirini.
Upepo wa kusini, mchovu.
Vumbi hakuna. Jicho litafika maili kumi.
Mmoja akanikonyeza: "Leo umetupendelea."
Nami nilifurahi, hilo silifichi,
nilifurahi kama mpishi aliyerudishiwa sahani tupu.

Walirejea kumekucha.
Nilitoka na kipima upepo mkononi,
nikapita chini ya bawa la ndege mojawapo.
Usiku palining'inia pale vitu vinne vya kijivu,
kila kimoja kirefu kumshinda Torrey.
Sasa zilibaki kulabu,
na fundi akizipangusa kwa kitambaa, akipiga mluzi.

Jumapili nikampigia bibi.
"Wamekupa bunduki?"
"Siku moja tu, bibi. Niliirudisha."
"Mungu ashukuriwe," akasema,
nikasikia rozari ikigonga meza.
Kikapita kimya, kile cha simu za mbali.
Nilitaka kumwambia: bibi, mkono hauhitaji kushika.
Kuna kidole hulowa mate tu, kikainuliwa,
na maili mia mbili kutoka hapo
nyumba ikakosa paa.

Sikumwambia.
Akauliza kama Alhamisi mvua ya mawe
itapiga mahindi ya mjomba Emil.
Nikafungua ramani ya Nebraska, upande huu mwingine wa dunia,
nikaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Anga li jeupe, bibi," nikasema.
"Mwambie hata ng'ombe awaache nje."