Mpita Njia wa Nane

Kwenye fomu niliandika umri wa kweli, sitini na mitatu,
kisha nikadanganya palipobaki.
Waweza kupanda farasi? Ndiyo.
Kuvuta sigara? Ndiyo, nyuma ya vyoo vya depo, mwaka ule wa baridi kali.
Kulia ukiamriwa ulie?
Hapo kalamu ilisita.
Nikaandika: inategemea malipo.

Kinga, binti wa wakala, alinipiga picha tatu:
uso, ubavu, na mikono juu ya meza kama samaki wa kuuzwa.
"Usikate nywele," akasema. "Usitie rangi. Tutakupigia."
Tangu theluji hadi plamu zikaiva
nililala na simu chini ya mto.
Ngojangoja huumiza matumbo; langu lilikwishazoea.
Etelka wa ghorofa ya pili amekufa mara tatu
katika vita vya watu wengine,
kila kifo na supu ya bure.
Mimi hata kufa sijapewa.

Mji huu nao hutafuta kibarua.
Juzi mtaa wetu ulivikwa vibao vya Paris,
kibanda cha Feri cha funguo kikawa duka la jibini,
na Feri akalipwa afunge mlango, asichungulie.
Kabla ya hapo tulikuwa Berlin. Kabla yake Moscow,
theluji ya karatasi ikituangukia mwezi wa sita.
Budapest haikosi kazi,
ila sijasikia aliyeiita ije kuwa Budapest.

Mwishowe, ujumbe: saa kumi alfajiri, nje ya stesheni ya Keleti,
uje na koti lako, lile la kwenye picha.
Lilikuwa la mama. Sufu nzito, rangi ya chai iliyopoa,
vifungo vya pembe, kimoja kimeshonwa kwa uzi usiofanana.
Basi likatupeleka Etyek, watu hamsini tusiojuana,
tukinuka kahawa na dawa ya nondo.
Nikapewa karatasi: Mpita Njia wa Nane.
Sijawahi kuwa na cheo kirefu hivyo.

Toka mlangoni, pita, usimtazame staa, potea.
Nikatoka. Nikapita.
"Kata!"
Nikatoka tena.
"Kata!"
Mara ya tano akanijia kijana, Bence,
redio kiunoni, aibu usoni:
"Shangazi, tatizo ni macho.
Unawatazama watu kana kwamba unawadai."

Ningemweleza nini?
Miaka thelathini na mmoja ndani ya tramu namba sita,
"tiketi, tafadhali,"
nikimjua mwongo kwa jinsi anavyolisoma dirisha.
Watu waliyakwepa macho haya maisha yangu yote.
Hata marehemu mume wangu alikula akitazama chumvi.
Leo naambiwa naonekana mno.
Nikakaa juu ya kreti la maji, nikacheka,
na machozi yakaja bila kuamriwa.
Hakuna kamera iliyogeuka.

Wiki iliyofuata Kinga akapiga.
Nilipokea kabla mlio haujakamilika.
"Si wewe, shangazi Gizi. Ni koti.
Siku kumi na mbili, na linalipwa kuliko wewe."
Nikalipiga brashi, nikalifunga hadi shingoni,
nikalikabidhi mlangoni kwa mikono miwili.
Nikaliambia: usimkodolee mtu.

Limerudi jana.
Linanukia manukato ya mwanamke nisiyemjua.
Kile kifungo kimepata uzi wa rangi yake.
Mfuko wa kulia, karatasi ya pipi.
Mfuko wa kushoto, tiketi ya tramu ya Moscow,
ya uongo, lakini imechapwa vizuri, hata muhuri umo.

Nikavaa miwani,
nikaigeuza chini ya taa ya jikoni, upande huu, upande ule.
Haijatobolewa.